Marconi: Aliyeuza simu ya upepo kabla ya kupata dawa ya mwingiliano

MWISHONI mwa mwaka 1899 Jeshi la Majini la Marekani lilitaka kujua kama lifunge mitambo ya simu ya upepo katika meli zake za kivita. Mwenye mitambo hiyo alikuwa kijana wa Kiitaliano wa miaka 25, Guglielmo Marconi, ambaye jina lake lilikuwa limeshavuma Ulaya nzima. Majaribio yalifanyika karibu na bandari ya New York. Meli moja ilipotuma ujumbe na nyingine kupokea, mambo yalikwenda vizuri.

Kisha maofisa wakaomba jambo dogo tu: vituo viwili vitume kwa wakati mmoja. Kilichotoka kwenye karatasi ya mpokeaji kilikuwa alama zilizovurugika, hazisomeki. Marconi alijitetea kuwa anayo njia ya kuzuia hali hiyo, ila hawezi kuionyesha kwa sababu bado haijalindwa kisheria. Maofisa waliandika taarifa yao, mwingiliano wa mawimbi ukatajwa kuwa kasoro, na mkataba haukupatikana.

Kwa lugha ya biashara, Marconi alikuwa na bidhaa nzuri iliyofanya kazi ikiwa mteja ni mmoja. Akija wa pili, wote wawili wanapata hasara. Watu wengi wanamkumbuka kwa umbali aliorusha mawimbi, lakini umbali ulikuwa sehemu rahisi ya kazi yake. Kilichomsumbua zaidi ni namna ya watu wengi kutumia anga moja bila kugombana, na katika hilo yeye mwenyewe alikuwa tabibu na wakati mwingine ugonjwa.

Alizaliwa Bologna, Italia, Aprili 25, 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo wa watengenezaji wa wiski ya Jameson, na ukoo huo ndio ulikuja kumfungulia milango ya mitaji ya London. Guglielmo hakusoma chuo kikuu. Alijifunza kwa walimu wa nyumbani, na kwa jirani yao Augusto Righi, profesa wa fizikia aliyemruhusu kuhudhuria mihadhara na kutumia maabara.

Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa ameshathibitisha kati ya mwaka 1887 na 1888 kuwa mawimbi ya umeme yanasafiri hewani. Hertz alipofariki mwaka 1894, Marconi alisoma habari za kazi yake na kuanza kujaribu kwenye dari ya nyumba ya familia, Villa Griffone, huko Pontecchio. Mwaka 1895 alituma alama umbali wa zaidi ya kilomita mbili, nyuma ya kilima. Kaka yake Alfonso alikuwa upande wa pili na bunduki, na mlio wake ndio uliokuwa risiti ya kwanza ya mzigo kufika.

Februari 1896 Marconi na mama yake walikwenda Uingereza. Masimulizi ya familia yanasema maofisa wa forodha hawakuelewa sanduku la nyaya na mirija lina nini, wakalipekua mpaka wakaharibu vifaa, naye akalazimika kuvitengeneza upya. Msafirishaji yeyote aliyewahi kufunguliwa mzigo mpakani anaweza kuipima hasira ya kijana huyo. Juni 2, mwaka huo huo, aliomba hataza ya kwanza duniani ya simu ya upepo. Julai 1897 kampuni ikaanzishwa kwa mtaji wa pauni 100,000. Marconi alipata pauni 15,000 taslimu na hisa 60,000 kati ya 100,000, na binamu yake Henry Jameson Davis akawa mkurugenzi mtendaji wa kwanza.

Kampuni ilitafuta wateja pale ambapo waya wa simu haufiki, yaani baharini. Mwaka 1898 ilitangaza mashindano ya mashua ya Kingstown, Ireland, kwa ajili ya gazeti, ikituma habari kutoka kwenye meli ndogo ya kuvuta. Machi 1899 ujumbe ulivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Aprili mwaka huo meli ya taa ya East Goodwin iligongwa na meli nyingine, ikaita msaada kwa mtambo wa Marconi. Wenye meli na kampuni za bima wakaanza kupiga hesabu.

Ili kuelewa kwa nini majaribio ya New York yalikwama, inabidi kuangalia mtambo wenyewe. Kifaa cha kunasia mawimbi kilikuwa mrija mdogo wa kioo wenye chenga za metali ndani. Wimbi likipita, chenga hushikana na kupitisha umeme, kisha nyundo ndogo hugonga mrija ili ziachane na kusubiri wimbi jingine. Mrija huo haukuwa na ubaguzi. Radi ya mbali, kituo cha rafiki na kituo cha mshindani, vyote kwake vilikuwa kitu kimoja. Upande wa kutuma nao ulitumia cheche kubwa ya umeme, ambayo hurusha masafa mengi kwa pamoja, mithili ya mpiga debe wa stendi anayetaja njia zote kwa pumzi moja.

Dawa aliyoficha mwaka 1899 ilisajiliwa Aprili 26, 1900, kwa hataza ya Uingereza namba 7777. Wazo lake ni lile la bembea. Mtoto akisukumwa kwa mapigo yanayolingana na mwendo wa bembea, hupaa juu hata kwa nguvu ya kidole. Akisukumwa ovyo, hasogei. Marconi aliweka koili na kapasita upande wa kutuma na upande wa kupokea, kisha akavilinganisha vyote vitikisike kwa mwendo mmoja. Mpokeaji aliyelinganishwa na mtumaji wake husikia kwa nguvu mawimbi yake na kuyapuuza ya wengine.

Wazo halikuwa lake peke yake. Mwingereza Oliver Lodge alikuwa na hataza ya kulinganisha masafa tangu mwaka 1897, na Mjerumani Karl Ferdinand Braun alikuwa amefika karibu sana kwa njia yake. Tofauti ya Marconi ni kwamba alilipeleka sokoni. Mwaka 1900, mwanasayansi John Ambrose Fleming, aliyekuwa mshauri wa kampuni, alitangaza gazetini jaribio ambalo kwa wakati ule lilionekana kama kiini macho. Waendeshaji wawili katika kisiwa cha Wight walituma ujumbe tofauti kwa wakati mmoja, mmoja kwa Kiingereza na mwingine kwa Kifaransa. Huko Poole, karibu kilomita 50 kutoka hapo, mashine mbili ziliuandika kila mmoja peke yake bila kosa. Baadaye mashine hizo zilipachikwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa kwenye waya mmoja wa antena, na bado kila moja ikatoa ujumbe wake.

Hapo ndipo msingi wa mawasiliano ya watu wengi kwenye anga moja ulipowekwa. Minara ya simu za mkononi ya leo inatenganisha wateja wake kwa njia nyingi zaidi, lakini ya kwanza kati ya hizo, ya kumpa kila mtu masafa yake, ndiyo ile ya Poole.

Ila dawa ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo haikuchelewa kuonekana. Septemba 1901 kulikuwa na mashindano makubwa ya mashua karibu na New York. Kampuni ya Marconi ilikuwa na mkataba wa kutuma habari, mshindani wake Lee de Forest naye alikuwa na wake, na kampuni ya tatu ya Kimarekani ilikosa. Hiyo ya tatu ilifunga mtambo wenye nguvu na kuwasha cheche zake wakati wengine wanatuma. Habari za wote wawili ziliharibika. Anayepiga kelele nyingi karibu na mlango wako hahitaji kujua masafa yako.

Desemba 12, 1901, akiwa kilima cha Signal Hill huko Newfoundland, Marconi alitangaza kuwa amesikia herufi S iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, umbali wa karibu kilomita 3,400. Wapo wahandisi ambao hadi leo wanatilia shaka kuwa alichosikia kilikuwa ni herufi na si kelele za hewa. Shaka hiyo nayo ni suala la kutenganisha ujumbe na takataka. Kampuni ya waya wa baharini iliyokuwa na ukiritimba Newfoundland haikusubiri ubishi huo umalizike. Ilimtishia kumpeleka mahakamani, akahamia Kanada. Mwezi Februari 1902, ndani ya meli Philadelphia, alinasa alama kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 3,300 usiku, wakati mchana zilikoma kwenye kilomita 1,100 hivi.

Kampuni za waya zilikuwa na kila sababu ya kuogopa. Kubwa kuliko zote ilikuwa Eastern Telegraph ya Uingereza, ambayo kampuni yake dada ilifikisha waya wa baharini Zanzibar mwaka 1879 na tangu hapo ikawa inabeba ujumbe wa wafanyabiashara wa pwani yetu kwenda Aden na Ulaya. Eastern ilimwajiri Nevil Maskelyne, mtu wa mazingaombwe aliyekuwa pia fundi wa simu ya upepo, apeleleze vituo vya Marconi. Alizinasa habari zake bila shida kubwa, ingawa Marconi alikuwa akijigamba kuwa masafa yaliyolinganishwa hayaingiliki.

Juni 4, 1903, Fleming alikuwa akitoa mhadhara katika taasisi ya kifalme ya sayansi London, na wasikilizaji walisubiri ujumbe wa Marconi mwenyewe kutoka mbali. Kabla haujafika, mtambo ulianza kugonga maneno ya dhihaka na mashairi ya kumkejeli Mwitaliano. Maskelyne alikuwa amefunga mtambo mdogo jirani. Alipojitokeza gazetini alisema wazi kuwa nia yake ni kuonyesha umma kuwa madai ya kampuni ni ya uongo. Tabia haikuwa nzuri na mwajiri wake alikuwa na maslahi, lakini kitaalamu alikuwa sahihi.

Kwa upande wa biashara, Marconi alichukua uamuzi ulioleta mwingiliano wa aina nyingine. Sheria ya Uingereza iliipa Posta ukiritimba wa kutoza watu fedha kwa telegramu. Kampuni ikaukwepa kwa kutouza mitambo. Iliwakodisha wenye meli mtambo pamoja na mwendeshaji aliyekuwa mwajiriwa wa Marconi. Kisha ikawakataza waendeshaji wake kuzungumza na mtambo wa kampuni nyingine, isipokuwa kwa dharura. Mwaka 1901 kampuni kubwa ya bima ya meli, Lloyd's, ilitia saini mkataba wa miaka 14 wa namna hiyo.

Ni sawa na kampuni ya malori kuwakataza madereva wake kumjibu dereva wa kampuni nyingine anayeuliza hali ya barabara mbele. Mwaka 1902 mdogo wake Kaiser wa Ujerumani, Mwanamfalme Heinrich, alikuwa akirejea kutoka Marekani katika meli Deutschland yenye mtambo wa Kijerumani. Vituo vya Marconi vilikataa kupokea ujumbe wake. Ujerumani ilikasirika na kuitisha mkutano wa awali Berlin mwaka 1903. Mwaka 1906 mkutano mkubwa wa Berlin ulipitisha kuwa vituo vya pwani lazima vihudumie kila meli bila kujali mtambo, ukatenga masafa ya mita 300 na 600 kwa mawasiliano ya umma na kuidhinisha SOS kuwa ishara ya hatari. Utaratibu wa sasa wa mataifa kugawana masafa, ambao bila huo mnara wa upande mmoja wa mpaka ungevuruga wa upande wa pili, unatokana na ugomvi ule.

Mtetezi wa Marconi atasema mwekezaji aliyejenga vituo kwa fedha zake ana haki ya kuchagua wa kumhudumia. Hoja hiyo ina uzito kwenye ghala au kwenye gari. Kwenye kitu ambacho thamani yake inatokana na wingi wa wanaokitumia, inajikata yenyewe, na kampuni ilipoteza miaka kadhaa ya nia njema ya serikali kwa kuishikilia.

Heshima hata hivyo ilikuja. Januari 1909 meli Republic iligongana na Florida karibu na pwani ya Marekani, na zaidi ya watu 1,500 waliokolewa baada ya mwendeshaji Jack Binns kuita msaada. Mwaka huo Marconi na Braun waligawana Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwaka 1911 kampuni ilinunua hataza ya Lodge, jambo ambalo lilikuwa sawa na kukiri.

Usiku wa Aprili 14, 1912, mwingiliano ulidai gharama yake. Mwendeshaji wa Titanic, Jack Phillips, alikuwa na rundo la telegramu za abiria, kwa kuwa mtambo wake uliharibika siku iliyotangulia. Alikuwa akiwasiliana na kituo cha Cape Race, ambacho kwa umbali wake kilisikika kwa udhaifu. Karibu saa tano usiku meli Californian, iliyokuwa imesimama jirani kwa sababu ya barafu, ilimwita kumtaarifu. Kwa ukaribu wake, sauti yake ilipasua masikio ya Phillips na kuifunika Cape Race. Phillips alimjibu kwa ukali anyamaze. Cyril Evans wa Californian, ambaye alikuwa peke yake kwa zamu ya siku nzima, alisikiliza kidogo, akazima mtambo na kulala. Dakika chache baadaye Titanic iligonga mwamba wa barafu. Watu kama 1,500 walikufa. Waliookolewa, zaidi ya 700, waliokolewa na Carpathia iliyokuwa mbali zaidi, ambayo mwendeshaji wake alikuwa bado macho.

Phillips, Evans na yule wa Carpathia wote walikuwa wa Marconi. Mitambo yao ilifanya kazi kama ilivyoundwa. Kilichotokea kati yao wahandisi wa simu za mkononi wanakifahamu vizuri: aliye karibu humfunika aliye mbali. Katika mitandao ya kizazi cha tatu mnara huiamuru kila simu ipandishe au ishushe nguvu zake mara 1,500 kwa sekunde, ili aliye chini ya mnara asimzibe aliye kilomita kadhaa. Njia nyingine, ambayo watafiti waliifanyia kazi sana kuanzia miaka ya 1980, ni ya kusoma wote kwa pamoja: kituo kinaisoma kwanza simu yenye nguvu, kinatengeneza nakala yake, kinaitoa kwenye mchanganyiko, halafu kinasoma iliyobaki. Phillips hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa na uwezo wa kumwambia mwenzake anyamaze.

Baada ya maafa hayo Marekani ilipitisha sheria ya leseni za redio mwaka 1912 na kuwasukuma watu binafsi kwenye masafa ya chini ya mita 200. London, mwaka huo huo, kampuni iliingia kwenye kashfa baada ya mawaziri kununua hisa za tawi lake la Marekani wakati serikali ikijadili kandarasi nayo. Mkurugenzi mtendaji Godfrey Isaacs alikuwa ndugu wa mmoja wa mawaziri hao. Septemba 1912 Marconi alipata ajali ya gari Italia na kupoteza jicho la kulia.

Kazi yake kubwa ya pili ilikuja uzeeni kidogo. Akiwa na mhandisi Charles Franklin, na akitumia mashua yake Elettra aliyoinunua mwaka 1919 kama maabara, alirudi kwenye masafa mafupi yaliyodharauliwa. Walikuta kuwa yanaweza kuelekezwa kama mwanga wa tochi. Ukielekeza mawimbi kwa unayemtaka, humsumbui mwingine, na nguvu inayohitajika ni ndogo. Vituo vya namna hiyo vilifunguliwa kati ya Uingereza na Kanada mwaka 1926, na mwaka 1927 vikafika Australia, Afrika Kusini na India. Bei zao ziliwatikisa wenye waya, mpaka serikali ikalazimisha muungano wa mwaka 1929. Kampuni iliyotokana na muungano huo ikaja kuitwa Cable and Wireless. Adui wa zamani, Eastern, akawa mshirika.

Upo upande ambao Waafrika Mashariki hawana sababu ya kuusahau. Marconi alijiunga na chama cha Mussolini mwaka 1923, mwaka 1930 akapewa urais wa chuo cha wasomi cha kifalme cha Italia, na Italia ilipoivamia Ethiopia Oktoba 1935 aliutetea uvamizi huo hadharani.

Alifariki Roma Julai 20, 1937, akiwa na miaka 63. Siku ya mazishi vituo vya redio duniani vilizima mitambo kwa dakika mbili.

Miaka sita baadaye, Juni 1943, Mahakama Kuu ya juu ya Marekani ilifuta sehemu kubwa ya madai ya hataza ya Marekani iliyolingana na namba 7777, ikisema Lodge, Nikola Tesla na John Stone Stone walimtangulia. Kampuni yenye jina lake iliendelea hadi karne hii. Hisa zake ziliporomoka vibaya mwaka 2001, na sehemu kubwa ya biashara yake ilichukuliwa na Ericsson ya Sweden, watengenezaji wa mitambo ya simu za mkononi, katika mauzo yaliyotangazwa mwaka 2005 na kukamilika Januari 2006.